Maandamano yaliyosimama Naini

Padri akitangaza kanisani kwamba Jumapili ijayo kutakuwa na maandamano, hakuna muumini anayeuliza kama polisi wametoa kibali. Wote wanajua mpangilio: chetezo cha ubani mbele, msalaba na mishumaa, watumishi wa altare, kisha padri nyuma ya wote. Neno hilohilo likikaa kwenye ukurasa wa kwanza wa gazeti, msomaji huona mabango na magari ya maji ya kuwasha. Watu wa pwani wamejiepusha na utata huo, maana harusi na Maulidi wana neno zefe. Sisi wa bara tumebaki na moja kwa yote.

Ndugu msomaji, shina la neno hili ni andama, yaani fuata. Mwezi ukionekana tunasema umeandama, kwa kuwa umeufuata ule uliopita. Afisa mwandamizi naye ni wa ukoo huohuo, jambo linalonifurahisha kidogo, kwa sababu katika maandamano ya Misa mkubwa ndiye anayetembea nyuma. Lakini shina hilihili lina upande mchungu. Mtu anayesumbuliwa bila kuachwa apumue tunasema anaandamwa.

Mkoa wa Mara unayajua maandamano vizuri. Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano wa TANU. Nchi nzima ilikuwa ikitembea mwaka ule.

Ila ninayotaka kuyatafakari leo ni maandamano ya Machochwe. Kata hii ya Wilaya ya Serengeti, jirani na Hifadhi ya Taifa, pamoja na vijiji vingi vya Tarime, ina maandamano yake ya Desemba, hasa katika mwaka unaogawanyika kwa mbili. Wazee wa mila wakishatoa ruhusa, vijana hupelekwa kutahiriwa na kurudishwa nyumbani kwa nyimbo. Wanaume hucheza na fimbo na mapanga, akina mama hupiga vigelegele, barabara hufungwa na vumbi. Kwa wavulana sina neno, na wengi siku hizi wanatahiriwa hospitalini. Lakini katikati ya umati mwingine yumo msichana aliyetandazwa khanga mpya, amefunikwa mwavuli, anatembea polepole mno. Ametoka kwa ngariba.

Huyo aliandamwa kwanza, ndipo watu wakaandamana naye. Aliandamwa na wenzake waliomwita msagane, yaani asiyekeketwa, wakacheka. Aliandamwa na shangazi na bibi. Pengine hata baba alikwisha kuhesabu ng'ombe wa mahari. Sheria ya mwaka 1998 inatoa kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa anayemkeketa aliye chini ya miaka 18 katika uangalizi wake, na kila mtu pale barabarani ameisikia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 28. Tunashuka, lakini kwa mwendo wa kobe.

Tukitaka kuelewa kwa nini, tuyatazame maandamano yenyewe. Kwa wasichana wengi hii ndiyo siku pekee maishani ambayo kijiji kizima kinatembea nyuma yao. Kaka zao hawakuwahi kuwasindikiza hata shuleni. Leo wanapewa fedha, khanga, na heshima. Anayewahubiria dhidi ya kisu bila kuiona furaha hiyo anahubiri nusu ya jambo. Tena tuseme ukweli: katika umati ule wamo wanakwaya wetu, na wazee wa kanisa wamo pia.

Luka 7:11-17 inatupa maandamano mawili yanayokutana kwenye lango la mji wa Naini. Moja linaingia, Yesu na wanafunzi wake na watu wengi. Jingine linatoka na maiti ya kijana, mtoto pekee wa mjane. Desturi ilitaka nani apishe? Bila shaka wanaoingia, kwa kuwa wafiwa hawazuiliwi. Yesu hakupisha. Na hakuanza kwa kuukemea umati, alianza kwa kumwonea huruma yule mama. Kisha akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Wayahudi lilimtia unajisi: akagusa jeneza. Wabebaji wakasimama. Luka hasemi kwamba waliamriwa.

Wapo waliogusa jeneza huku kwetu. Kituo cha Masanga wilayani Tarime, chini ya Jimbo Katoliki la Musoma, hupokea wasichana wanaokimbia kisu msimu wa Desemba. Mjini Mugumu, Nyumba Salama ilifungua milango mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana, na Rhobi Samwelly aliyeiongoza, naye akiwa amekeketwa utotoni, baadaye akaanzisha shirika la kuendeleza kazi hiyo. Wasichana hufundishwa haki zao na miili yao, na Masanga huhitimu kwa sherehe. Nao huandamana! Wanaimba, wanapokea vyeti, wanapigiwa makofi. Waliobuni jambo hilo walielewa kwamba msichana hawezi kunyang'anywa siku yake akaachwa mikono mitupu.

Baada ya sherehe huja kazi ngumu kuliko zote. Kijana wa Naini alipoketi na kuanza kusema, Yesu alimkabidhi kwa mama yake. Vituo hivi navyo hujaribu hivyohivyo: maofisa wa ustawi wa jamii na polisi huketi na wazazi, wazazi huahidi kwa maandishi kwamba binti hatakeketwa, ndipo hurudishwa. Wengine hupokelewa kwa machozi ya furaha. Wengine baba hataki hata kuwaona, na Januari shule zinapofunguliwa huondoka kituoni na sare mpya, wakiandamana wenyewe kwa wenyewe.