Kusi inapovuma, tusimsingizie Mungu



Kama umeamkia Unguja Jumapili hii ya Julai, huhitaji kuambiwa kwamba ni msimu wa kusi. Umeuona mwenyewe ulipotoka kwenda ibadani: akina mama wameshika khanga kwa mikono miwili, na wazee wamevaa masweta. (Wenzetu wa Lushoto na Njombe wakisikia Mzanzibari analalamikia baridi, hucheka. Tuwasamehe.) Pale Forodhani, bahari ambayo mwezi Februari hulala kama mkeka, leo ina povu jeupe mbali kabisa, upande wa Chumbe.

Sisi wa visiwani tumelelewa na upepo. Kaskazi huja Desemba na joto lake, masika hushuka Machi hadi Mei, kusi hushika katikati ya mwaka, kisha vuli. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Tukumbuke pia kwamba kusi hii hii ndiyo iliyojaza matanga ya majahazi yaliyobeba watu waliouzwa pale Mkunazini. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo ujenzi wa Kanisa Kuu la Anglikana ukaanza mahali pale pale, chini ya usimamizi wa Edward Steere.

Mwaka mmoja kabla, Aprili 1872, kimbunga kiliipiga Unguja. Kiling'oa mikarafuu mingi mno na kuvunja vyombo vya Sultani bandarini, wakati mashamba ya Pemba yalisalimika kwa sehemu kubwa. Nimewahi kusikia mhubiri akisema kwamba ile ilikuwa hukumu ya Mungu juu ya biashara ya watumwa. Maneno hayo yanavutia, nakiri. Lakini jiulize: kimbunga kilipopita mashambani, ni nani waliokuwa wakilala kwenye vibanda vya makuti, mabwana au watumwa?

Naomba ufungue Injili ya Luka 12:54, na usiishie mwisho wa sura; endelea mpaka 13:5. Kwanza Yesu anawaambia watu kwamba hali ya hewa wanaijua vizuri. Wakiona wingu magharibi, wanajua mvua yaja. Upepo ukitoka kusini, jangwani, wanajua joto laja. (Kwetu ni kinyume, joto letu huletwa na kaskazi, lakini hoja ni ile ile.) Anawakemea kwa sababu wanasoma mbingu, ila hawasomi wakati waliomo. Halafu, mistari michache mbele, anataja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18, na anakataa katakata kwamba wale walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu.

Ukisoma mafungu hayo pamoja, utaona makosa mawili tunayoyafanya kila mwaka hapa kwetu. La kwanza ni kutosoma dalili zilizo wazi. La pili, yakishatokea ya kutokea, ni kusema "kazi ya Mungu haina makosa" na kufunga mjadala.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Zaidi ya miili 200 ilipatikana, na wengi hawakuonekana tena. Meli ilikuwa imejaza kupita kiasi chake. Kabla hata mwaka haujatimia, Julai 18, 2012, kusi ikivuma kwa nguvu, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam mchana ilizama jirani na Chumbe. Boti ile ilianza kazi yake ya kubeba abiria kwenye maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington, Marekani. Upepo aliuumba Mungu, ndugu yangu. Idadi ya abiria huhesabiwa na mwanadamu, akiwa amesimama gatini na tiketi mkononi.

Katika usharika wetu yupo mama mmoja aliyefiwa na kaka yake Dar es Salaam msimu kama huu. Alifika bandarini Malindi alfajiri, akakuta safari zimesitishwa kwa sababu ya upepo. Baadaye akaambiwa kuna chombo kidogo kitakachoondoka kutoka ufukweni, kimya kimya. Akakataa kupanda. Jirani yake wa kanisani, aliyekuwa amemsindikiza, akamwuliza, "Mama, imani yako iko wapi? Yesu si alituliza bahari?"

"Aliituliza Yeye," mama akajibu. "Mimi sijapewa."

Nilipopata habari ile nilimkumbuka Paulo katika Matendo 27. Ndani ya meli ile, mtu wa imani ndiye aliyeshauri wasisafiri. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye meli. Kikavuma kiupepo kizuri cha kusini, wote wakaona wamepata walichotaka, wakang'oa nanga. Tufani ikawakuta njiani. Mungu aliwaokoa watu wote, ndiyo, lakini meli ilivunjika, na shehena walikwisha kuitupa baharini kwa mikono yao wenyewe.

Tusiifanye rahisi hadithi ya yule mama. Kaka yake alizikwa bila yeye kuwepo. Wapo ndugu waliomlaumu kwenye simu, na mmoja hakuzungumza naye kwa muda mrefu. Chombo kile kidogo, kwa taarifa yako, kilivuka salama.

Yeye alisafiri siku mbili baadaye, bahari ilipopungua. Alikwenda makaburini na shangazi yake mzee, akaweka konzi ya udongo juu ya kaburi ambalo tayari lilikuwa na maua yaliyonyauka, na wakaimba wimbo mmoja, wawili tu.