Msuguano wa aina mbili, na lori moja linaloshuka Senjele

Kama umewahi kupita Tunduma siku ambayo foleni ya kuvuka kwenda Zambia imerefuka, picha unaijua. Semi zimepangana nyuma ya nyingine, madereva wameshuka, wengine wanachemsha chai kwenye kivuli cha trela. Foleni inasogea kidogo, inasimama tena. Ikisimama penye mwinuko, utingo anaruka chini na jiwe mkononi, analisukumia nyuma ya tairi.

Sekondari wengi wetu tulikariri kwamba msuguano ni nguvu inayopinga mwendo, tukaandika hivyo kwenye mtihani, tukapata maksi. Lakini ukiishia hapo huwezi kueleza kwa nini hiyo semi inatembea kabisa. Bila msuguano tairi lingezunguka palepale, kama la gari lililonasa kwenye tope.

Tuanze na kitu chepesi kuliko semi: gunia la mahindi la kilo 100, liko kwenye sakafu ya saruji. Dunia inalivuta chini kwa nguvu ya takriban niutoni 1,000, na sakafu inalisukuma juu kwa kiasi hichohicho. Sasa lisukume kwa niutoni 200. Halitoki. Maana yake sakafu inakurudishia msuguano wa niutoni 200 kamili, si zaidi, si pungufu. Ongeza, sukuma kwa 350. Bado limekaa, na msuguano nao umepanda hadi 350. Huu ndio msuguano tuli, na tabia yake ya ajabu ni kwamba unajipima kulingana na wewe. Ungekuwa mkubwa kuliko unavyosukuma, gunia lingekurudia lenyewe!

Ila una ukomo. Tuseme kati ya gunia na saruji ukomo huo ni nusu ya nguvu ya mkandamizo, yaani niutoni 500. Ukifika hapo gunia linaachia ghafla, na wewe unataka kuanguka kifudifudi. Kwa nini? Kwa sababu likishaanza kuteleza linashikwa na msuguano wa aina ya pili, msuguano wa mwendo, ambao kwa kawaida ni mdogo zaidi. Hapa tuseme 400. Wewe bado unasukuma kwa 500, na hizo 100 za ziada ndizo zinazolirusha gunia mbele. Kila aliyewahi kusukuma kabati analijua hili kwa mgongo wake.

Ukitazama kwa karibu sana, hakuna uso ulio laini. Vitu viwili vinagusana kwenye vincha vidogo vidogo tu, na vikitulia vincha hivyo vinakandamizana na kushikana. Vikiwa vinateleza havipati nafasi ya kushikana vizuri. Maelezo kamili ni marefu na watafiti bado wanabishana kuhusu sehemu zake, lakini kanuni ya msingi ni ya zamani: Mfaransa Guillaume Amontons alieleza mwaka 1699 kwamba msuguano unaendana na mkandamizo.

Sasa turudi barabarani, maana hapa ndipo wengi wanapochanganya. Tairi likizunguka vizuri, ile sehemu inayogusa lami kwa sekunde hiyo haitelezi. Inakanyaga, inatulia, inanyanyuka, kama unyayo wako unapotembea. Kwa hiyo gari linalokimbia kilomita 80 kwa saa linashikwa na barabara kwa msuguano tuli. Tuli, ndiyo, ingawa gari lenyewe linakimbia.

Dereva akikanyaga breki mpaka matairi yakafunga, mpira unaanza kuburuzika na tunahamia kwenye msuguano wa mwendo. Kwa gari dogo kwenye lami kavu, chukua 0.8 kwa msuguano tuli na 0.6 kwa wa mwendo. Kutoka kilomita 80 kwa saa, la kwanza linasimama ndani ya mita 31 hivi, la pili mita 41. Mita kumi za tofauti, na hapo sijahesabu muda wa dereva kushtuka. Lami ikilowa namba zote mbili zinashuka. Tena msuguano wa mwendo unavuta kinyume na upande ambao tairi linatelezea, hata uzungushe usukani vipi. Ndiyo maana gari lililofunga matairi halisikii usukani.

Je, lori lililojaa linateleza kirahisi zaidi kuliko tupu? Watu wengi husema ndiyo. Kwa upande wa tairi na barabara, uzito unaongeza mvuto wa kushuka, lakini unaongeza mkandamizo kwa uwiano uleule, hivyo vinafutana. Hatari ya mzigo iko sehemu nyingine.

Iko ndani ya breki. Pale tunautaka msuguano wa mwendo: vipande vya breki vinaisugua drami ya chuma inayozunguka na tairi, na nishati yote inageuka joto. Chukua semi yenye tani 50 pamoja na mzigo, inashuka mlima kama Senjele, kati ya Mbalizi na Vwawa. Kwa kila mita 100 za kimo inazoshuka bila kuongeza mwendo, inabidi ipoteze takriban megajuli 50. Joto hilo linatosha kuchemsha lita 150 hivi za maji yaliyokuwa nyuzi 20, madumu saba na nusu ya lita ishirini. Dereva anayelala kwenye breki mteremko mzima anaupeleka karibu wote kwenye drami. Zikipata moto kupita kiasi, vipande vya breki vinapoteza mshiko, pedali inakanyagwa na lori linaendelea kwenda. Watu wakisema "breki zimefeli", mara nyingi hazikukatika popote. Msuguano wake ndio umeshuka.

Gia nzito inafanya kazi tofauti. Injini yenyewe inazuia mzunguko, joto linatokea kwenye rejeta na ekzosi badala ya drami, na matairi yanabaki yakizunguka, yaani kwenye msuguano tuli. Anayeshuka na fri ili aokoe dizeli ameachia msaada huo wote na kubaki na drami peke yake.

Na jiwe la utingo? Breki ya mkono inafunga magurudumu, na msuguano tuli wa mpira na lami unatosha kabisa kushikilia lori kwenye mwinuko wa kawaida. Lakini mbano wa breki unaweza kupungua. Hapo gurudumu likianza kuzunguka, msuguano wa tairi na lami haulizuii, kwa sababu kuzunguka si kuteleza. Jiwe linalizuia.