Kiingilio cha Pangoni: Tijara ya Michezo ya Blokucheni na Mwanagenzi Wake

Mtu anayeshuka kwa mara ya kwanza katika mapango ya michezo ya blokucheni hudhani kwamba ameingia mahali pamoja, ilhali ameingia mahali pawili kwa mkupuo mmoja: ameingia pangoni, penye mazimwi, mitego na hazina, na ameingia sokoni, penye wauzaji, madalali, walanguzi na wezi; na kwa kuwa mazimwi huonekana kwa macho na watu wa sokoni hawaonekani, mwanagenzi aghalabu huelekeza akili yake yote kwenye upanga na ngao, akaja kudhurika mahali asipopatazama. Mintarafu ya tijara hiyo yameandikwa mengi kwa jicho la matajiri waliotia rasilmali zao. Hapa nakusudia kuitazama kwa jicho la mgeni anayepiga hodi mlangoni, kwani ndiye anayeleta fedha ndani, na bila yeye nyumba yote hiyo haina taa.

Mchezo wenyewe, kwa umbo lake, si jambo geni. Tangu mwaka 1974, ulipochapishwa mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons huko Marekani, watu wamekuwa wakijivika uhusika wa mashujaa na kushuka chini ya ardhi kutafuta hazina; na mwaka 1980 wanafunzi wa chuo kikuu huko California wakatunga mchezo wa kompyuta uitwao Rogue, ambao kila ukiingia pango lake hupangwa upya, na shujaa akifa hafufuki, bali mchezaji huanza tena na shujaa mwingine. Lililoongezwa na blokucheni ni moja tu, lakini ni zito: upanga alioupata shujaa huandikwa kwa jina la pochi ya mwenyewe katika daftari ambalo kila mtu duniani anaweza kulisoma na hakuna mtu mmoja anayeweza kulifuta, na kwa hiyo upanga huo, ambao zamani ulikuwa mali ya kampuni iliyotunga mchezo, sasa waweza kuuzwa, kukodishwa, kuwekwa rahani, na kwa bahati mbaya kuibwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule ulioanza mwezi wa Agosti 2021, pale Dom Hofmann, mmoja wa waasisi wa mtandao wa video fupi wa Vine, alipotoa kitu alichokiita Loot. Haukuwa mchezo hata kidogo. Ilikuwa ni mifuko isiyozidi 8,000, na kila mfuko ulikuwa na mistari minane ya maandishi meupe juu ya weusi mtupu, yakitaja silaha, vazi la kifua, kofia, mshipi, viatu, glavu, mkufu na pete. Hapakuwa na picha, wala kanuni, wala pango. Mifuko iligawiwa bure, mchukuaji akilipa ada ya muamala tu, na wajibu wa kubuni ulimwengu ambamo vitu hivyo vingetumika ukaachiwa yeyote aliyetaka. Siku chache baadaye mtu mwingine akatoa sarafu iitwayo Adventure Gold, kila mwenye mfuko akiruhusiwa kujichukulia 10,000, na thamani ya sarafu moja ikapanda kwa muda mfupi ikapita dola 7, kabla ya kuporomoka mwaka uliofuata ikawa chini ya dola 1. Msomaji apige hesabu mwenyewe ya kile alichokipata aliyeuza mapema, kisha ajiulize aliyenunua siku ile alinunua nini; kwani hata pango lenyewe lilikuwa bado halijachimbwa.

Pango lilikuja baadaye. Miongoni mwa michezo iliyojengwa juu ya mifuko ile, ulio karibu zaidi na asili ya Rogue ni Loot Survivor, uliowekwa mwaka 2023 juu ya Starknet, mtandao ambao hukusanya miamala mingi pamoja na kuithibitisha kwa mkupuo juu ya Ethereum, ili ada ya kila hatua isimfilisi mchezaji. Nimeuchagua kwa sababu mwanagenzi hujifunza ndani yake kwa haraka na kwa uchungu, na kwa sababu kanuni zake zote ni bayana kwa anayetaka kuzisoma.

Shujaa huanza akiwa na alama 100 za uhai na silaha moja anayoichagua mwenyewe: fimbo ya uchawi, kitabu, upanga mfupi au rungu. Wanagenzi wengi huuchukua upanga kwa mazoea ya hadithi, bila kujua kwamba mchezo huu umesimama juu ya mahusiano matatu yanayozunguka, ambayo asiyeyashika hawezi kuishi muda mrefu: silaha za uchawi huvunja vazi la chuma lakini hudhoofika mbele ya ngozi, silaha za makali hukata nguo lakini huteleza juu ya chuma, na silaha za kuponda huiangamiza ngozi lakini huzama bure katika nguo. Mazimwi nayo yamegawanyika makundi matatu kwa mpango uleule, yaani yale ya uchawi yavaayo nguo, wawindaji wavaao ngozi, na majitu yavaayo chuma, na kila kundi hushambulia kwa silaha ya namna yake. Kwa hiyo mwenye upanga anapokutana na jitu la chuma, ushujaa haumfai kitu. Linalomfaa ni kukimbia, na kukimbia kwenyewe kuna sharti lake.

Sharti hilo ni wepesi. Kila shujaa anapopanda daraja hupewa nafasi ya kuongeza moja ya sifa zake, na hapo ndipo mgeni hukosea kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa hukimbilia nguvu, akitaka kupiga zaidi, ilhali nafasi ya kutoroka hupimwa kwa kulinganisha wepesi na daraja alilofikia, nafasi ya kugundua shambulio la kuvizia hupimwa kwa hekima, na nafasi ya kukwepa mitego hupimwa kwa akili. Maana yake ni kwamba sifa iliyomtosha shujaa katika daraja la pili humpungukia katika daraja la kumi hata kama haikupunguzwa, na yule aliyejijaza nguvu huja kujikuta mbele ya zimwi asiloweza kuliua wala kulikimbia. Haiba nayo, ambayo wageni huidharau kwa kudhani ni pambo, hushusha bei ya dawa na ya vitu sokoni. Na kwa kuwa bei ya dawa hupanda kadiri daraja linavyopanda, mwenye haiba hununua uhai kwa dhahabu chache wakati mwenzake mwenye misuli anakufa akiwa na njaa ya senti. Huu, kwa maoni yangu, ndio uzuri wa mchezo huu: unamlipa mwenye kuhesabu.

Nasaha ya pangoni basi ni fupi. Mgeni na auanze mchezo wa namna hii katika uwanja wa mazoezi usiolipiwa, kila penye uwanja huo; asipigane na kila linalomkabili; anunue mavazi ya namna mbalimbali mapema, hata yakiwa duni, kwa kuwa sehemu ya mwili iliyo wazi ndiyo inayoua; na atazame kiasi cha uhai wake kabla ya kila hatua, kwani hatua ikishaandikwa katika daftari hairudishwi, na kifo kikiandikwa ni kifo.

Tuje sasa sokoni. Katika Loot Survivor ya awali mchezaji alilipa kiingilio kwa sarafu iitwayo LORDS, na sehemu ya kiingilio cha kila aliyeingia ikagawiwa kwa wale walioshika nafasi tatu za juu. Mpango huu una fadhila moja kubwa, nayo ni kwamba haufichi kitu: anayeshinda analipwa na wanaoshindwa, na asiye miongoni mwa hodari wachache ajue kwamba fedha aliyotoa imekwenda. Ajue pia kwamba washindani wake si binadamu peke yao. Kanuni zikiwa wazi kwa wote, mtu mwenye ujuzi aweza kuandika programu inayocheza mchana na usiku bila kusinzia wala kuingiwa na hofu, na mgeni anayebonyeza kwa kidole chake hushindana nayo katika jedwali lilelile.

Ubaya ulikuwa katika ile michezo iliyoahidi kwamba kila mtu atalipwa. Axie Infinity, iliyotungwa na kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam, ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, nayo mwaka 2021 ilifikia zaidi ya wachezaji milioni 2 kwa siku, wengi wao wakiwa Ufilipino, ambako maradhi ya Uviko yaliwafungia watu milango ya kazi. Ili kuingia ilimpasa mtu awe na viumbe watatu, ambao bei yao ilifika mamia ya dola, na asiye na kitu alikopeshwa viumbe na mwenye navyo kwa sharti la kugawana mapato, mithili ya mvuvi apandaye ngalawa ya tajiri na kumgawia samaki. Mapato hayo yalikuwa sarafu iitwayo SLP, iliyopatikana kwa kuwapiga mazimwi na kuwashinda wachezaji wengine. Na matumizi yake makubwa yalikuwa moja, kuwazalisha viumbe wapya. Viumbe wapya wakauziwa nani? Wageni. Basi kila aliyelipwa alilipwa kwa fedha ya aliyeingia nyuma yake, na siku idadi ya wanaoingia ilipokoma kukua, sarafu ziliendelea kuchimbwa kila siku na mamilioni ya mikono huku wanunuzi wakipungua. SLP iliyofikia takriban senti 40 za dola mwezi wa Julai 2021 ilikuwa chini ya senti 1 katikati ya mwaka 2022. Mwezi wa Februari mwaka huo kampuni ilikata malipo ya sehemu ya mchezo ya kupambana na mazimwi, ili kupunguza sarafu zinazozaliwa, lakini wakati ulikuwa umekwisha kupita.

Kisha ukaja wizi. Tarehe 23 Machi 2022 sarafu 173,600 za Ethereum na dola za kidijitali milioni 25.5 zilichukuliwa kutoka daraja la Ronin, lililokuwa likivusha mali za wachezaji wa Axie, kwa kuwa kati ya funguo tisa za uthibitisho wezi walipata tano, na tano zilitosha. Jumla yake ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 600. Lililo la ajabu zaidi ni kwamba hakuna aliyejua hata siku sita zilipopita, pale mteja mmoja alipotaka kutoa fedha yake akaikosa. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilikitaja kikundi cha Lazarus cha Korea Kaskazini kuwa ndicho kilichohusika. Kampuni ilikusanya mtaji mpya ikawarudishia wateja, jambo la kusifiwa, na pia jambo ambalo mtu hapaswi kulitegemea kwingine.

Mgeni hawezi kulinda daraja la kampuni, lakini pochi yake aweza. Na awe na pochi ya mchezo peke yake, yenye kiasi cha kiingilio tu, mbali na ile aliyowekea akiba. Maneno ya siri ya kurejeshea pochi ayaandike karatasini, asiyapige picha wala asimwonyeshe mtu, hata ajitambulishe kuwa mtumishi wa kampuni, kwa kuwa mtumishi wa kweli hayahitaji. Fauka ya hayo, asome kila idhini kabla ya kuikubali. Wizi mwingi katika michezo hii haufanywi kwa kuvunja kufuli: mchezaji hupelekewa tangazo la zawadi, akabonyeza, akatia sahihi ruhusa inayompa mwizi mamlaka ya kuhamisha vitu vyake vyote vya aina fulani, na asubuhi akakuta mfuko mtupu ilhali daftari linaonyesha kwamba ameridhia mwenyewe.

Milango ya biashara hii imebanwa pia na wakubwa wa michezo ya kawaida. Steam, duka kuu la michezo ya kompyuta, lilipiga marufuku michezo ya blokucheni mwezi wa Oktoba 2021, na kwa sababu hiyo mwanagenzi hulazimika kuitafuta penginepo, ambako anwani bandia ni nyingi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna hesabu ya serikali vilevile. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari dhidi ya sarafu hizi mwaka 2019, lakini Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya ilianza na kodi ya kiasi hichohicho mwaka 2023, ikaifuta mwaka 2025 na kuweka badala yake ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma, na mwezi wa Oktoba mwaka huo ikapata sheria ya kuwasajili na kuwasimamia watoa huduma hao. Upanga wa pangoni ukiuzwa kwa sarafu, na sarafu ikageuzwa shilingi, mkono wa mtoza ushuru umo njiani.

Anayetaka kuingia na aingie, kwa kuwa mchezo mzuri ni starehe halali kama sinema na mpira. Ila kiingilio akihesabu kama bei ya tiketi, asikope ili akilipe, asiache kazi kwa ajili yake, na kabla ya kuamini malipo yoyote amwulize mwenye pango swali moja: fedha nitakayolipwa itatoka kwa nani?