Mbwa wa uso bapa: mkoromo unaotuchekesha ni shida ya kupumua

“Mama, tununue huyu!”

Mtoto amekusogezea simu. Kwenye video kuna mbwa mdogo mnene, macho makubwa, pua imebonyea. Amelala chali kwenye kochi, anakoroma kama mzee aliyeshiba. Mtoto anacheka, na wewe unacheka.

Mzazi, kabla hujajibu, usikilize tena ule mkoromo. Mara nyingi ni sauti ya mnyama anayehangaika kuvuta hewa.

Uso uliotengenezwa na watu

Mbwa aina ya pug, bulldog wa Kiingereza na bulldog wa Kifaransa hawakuupata uso huo kwa bahati. Wafugaji walichagua dume na jike wenye nyuso fupi, wakawapandisha, kisha wakafanya hivyohivyo kwa watoto na wajukuu wao. Mwaka 1745 mchoraji Mwingereza William Hogarth alijichora akiwa na pug wake. Mbwa yule ana mdomo uliochomoza. Ukimlinganisha na pug wa leo, utadhani si ndugu.

Fuvu lilifupishwa, lakini nyama za ndani hazikupungua kwa kiasi hichohicho. Ulimi na kaakaa laini vimebanana katika nafasi ndogo na kuziba njia ya hewa. Matundu ya pua nayo mara nyingi ni membamba mno.

Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi; hujipoza kwa kuhema. Asiyeweza kuhema vizuri hulemewa na joto, akazimia au hata kufa. Ndiyo maana mashirika mengi ya ndege hukataa kuwabeba mbwa hawa sehemu ya mizigo. Kwa familia inayoishi Dar es Salaam au Mombasa, hilo si jambo dogo.

Si pumzi tu. Macho yaliyojitokeza hupata vidonda kirahisi, na mikunjo ya ngozi huota fangasi na bakteria. Kuzaa nako ni kazi, kwa kuwa vichwa vya watoto ni vikubwa kuliko nyonga ya mama. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wa bulldog, wa Kiingereza na wa Kifaransa, ulikuwa wa upasuaji.

Soko ndilo linalosukuma

Nchini Marekani, mwaka 2022 bulldog wa Kifaransa aliongoza kwa idadi ya mbwa waliosajiliwa, akimwondoa Labrador aliyeshika nafasi hiyo miaka 31. Penye wanunuzi wengi hawakosekani wanaopandisha mbwa yeyote, hata asiyeweza kukimbia hatua chache bila kukwama pumzi, mradi watoto wauzwe.

Wengine wameanza kuweka mipaka. Uholanzi, tangu mwaka 2019, mbwa ambaye urefu wa mdomo wake haufiki theluthi moja ya fuvu haruhusiwi kuzalishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walibuni kipimo: mbwa husikilizwa anavyopumua kabla na baada ya kukimbizwa kidogo, kisha hupewa daraja 0 hadi 3. Wa daraja la 3 hapaswi kuzalishwa.

Ukitaka kununua

Omba kuwaona wazazi wa mbwa, hasa mama. Waache watembee kwa kasi dakika chache, usikilize. Tazama kama matundu ya pua yako wazi. Uliza mama alizaaje. Muuzaji akikwepa, ondoka. Usinunue kwa huruma, maana pesa yako ndiyo itakayolipia uzao unaofuata.

Kama tayari unaye

Mpende, hana kosa. Usimwache anenepe. Mtembeze alfajiri au jioni, umfunge mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni. Akianza kukoroma akiwa macho, akitapika mara kwa mara au ulimi ukigeuka wa bluu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Wapo wanaosaidika kwa upasuaji.

Na yule mtoto mwenye simu? Usimwambie “hapana” ukaishia hapo. Rudieni video pamoja, ongeza sauti, kisha umuulize: “Unakumbuka ulivyolala siku ile mafua yalipokuziba pua?” Anakumbuka. Mwambie mbwa huyu hulala hivyo kila usiku.