Utambi ukihama, glasi inapasuka: Namna ya kuuweka katikati unapotengeneza mishumaa nyumbani

Mshumaa wa glasi unaonekana kazi rahisi. Yeyusha nta, weka manukato, mimina, subiri igande, piga picha, tupia status. Wengi wanaoanza biashara hii jikoni kwao huhangaika zaidi na harufu na lebo. Utambi hufikiriwa mwisho.

Lakini utambi ndio unaoamua kama mshumaa utawaka salama hadi mwisho, au utapasua glasi juu ya meza ya mteja usiku ambao umeme umekatika.

Habari njema ni kwamba kuurekebisha hakuhitaji mashine. Gundi, kibanio cha nguo na dakika chache za uvumilivu vinatosha.

Kwa nini katikati?

Moto wa mshumaa hauli utambi peke yake. Unayeyusha nta, utambi unainyonya ile nta ya maji na kuipandisha juu, inageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Joto husambaa kuzunguka moto.

Utambi ukikaa katikati, nta huyeyuka sawasawa hadi kwenye kingo zote. Ukiegemea upande mmoja, nta ya upande huo huisha haraka na ya upande wa pili hubaki imeganda. Hapo ni hasara tu, mteja amelipia nta ambayo haitawaka.

Hatari kubwa ipo kwenye glasi yenyewe. Sehemu iliyo karibu na moto inapata joto kali na kutanuka, huku nyingine ikibaki ya baridi. Glasi haipendi mvutano wa aina hiyo. Mwanzo utaona masizi meusi upande mmoja, kisha ufa. Glasi ikiachia, nta ya moto inamwagika mezani.

Kosa linalofanywa sana

Wengi hubandika utambi chini ya glasi kwa tone la nta. Inashika vizuri, na mshumaa ukiganda unaonekana umenyooka kabisa.

Tatizo huja baadaye. Nta iliyoushika utambi ni ileile itakayoyeyuka. Mshumaa ukikaribia kuisha, nta yote ya chini inakuwa maji, utambi unaachia na kuanza kutembea ukiwa bado unawaka. Mara nyingi huishia kwenye ukingo wa glasi.

Ndiyo maana inatakiwa gundi inayostahimili joto kuliko nta. Wengi hutumia gundi ya moto, ile ya vijiti inayowekwa kwenye bunduki ya umeme. Pia kuna stika za pande mbili zinazotengenezwa maalumu kwa mishumaa. Gundi ya karatasi ya shuleni haifai.

Hatua kwa hatua

1. Chagua utambi sahihi. Tafuta utambi wa pamba uliosukwa, wenye kitako cha bati chini. Kitako hicho ndicho kinachobandikwa, na shingo yake huzuia moto usishuke hadi kwenye sakafu ya glasi.

Kuwa makini na utambi wenye waya ndani. Marekani ilipiga marufuku tambi zenye waya wa risasi mwaka 2003 kwa sababu moshi wake una sumu, hasa kwa watoto. Kama una shaka, sugua ncha ya waya kwenye karatasi nyeupe. Ikiacha alama ya kijivu kama ya penseli, usiutumie.

2. Safisha glasi. Vumbi, mafuta ya vidole na unyevu huifanya gundi isishike. Osha, kausha, kisha pangusa sakafu ya ndani kwa spiriti na uache ikauke kabisa.

3. Tafuta katikati, usikisie. Simamisha glasi juu ya karatasi, chora mduara kuizunguka, kata. Kunja mduara mara mbili, ukiufungua mikunjo itakutana katikati. Weka alama hapo, kisha weka karatasi chini ya glasi. Alama utaiona kupitia kioo.

Kama ni kopo la bati, tengeneza mduara unaoingia ndani, toboa tundu katikati, uutumie kama ramani kabla ya kubandika.

4. Bandika. Weka tone la gundi chini ya kitako. Pitisha utambi ndani ya mrija wa soda ili uweze kuushusha ukiwa wima, kisha kandamiza kitako kwa mrija huo kwa sekunde kadhaa. Gundi ikipoa, geuza glasi juu chini na uvute utambi kidogo. Ukitoka, rudia. Afadhali utoke sasa kuliko ukiwa kwa mteja.

5. Shika ncha ya juu. Kitako kikishika chini, juu bado patayumba. Laza kibanio cha nguo cha mbao juu ya mdomo wa glasi na ubane utambi katikati. Huna kibanio? Chukua vijiti viwili vya mishikaki, vifunge pamoja kila upande kwa mpira wa kufungia pesa, kisha pitisha utambi kati yake.

Utambi uwe umenyooka bila kulegea, lakini usiuvute hadi uling'oe bati.

6. Mimina taratibu. Yeyusha nta kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, siyo moja kwa moja juu ya moto, na usiondoke jikoni. Ikishika moto, zima jiko na ufunike kwa mfuniko. Usimwagie maji hata kidogo, moto utaruka.

Fuata joto la kumimina lililoandikwa kwenye pakiti ya nta. Elekeza nta pembeni ya utambi, siyo juu yake. Joto hulainisha utambi, kwa hiyo ukishamimina angalia tena kama umelegea na uuweke sawa.

7. Acha igande yenyewe. Usihamishe glasi na usiiweke kwenye friji. Nta husinyaa inapopoa, na ikipoa kwa haraka upande mmoja inaweza kuuvuta utambi. Usitoe kibanio hadi nta iwe ngumu kabisa.

Vipi glasi pana na vifuu?

Chombo kikiwa kipana sana, utambi mmoja hauwezi kuyeyusha nta hadi kingoni. Watengenezaji huweka miwili au mitatu, kwa nafasi sawa kati yao na kutoka ukingoni.

Kifuu cha nazi kinapendeza, lakini kina changamoto mbili. Sakafu yake ni ya mviringo, hivyo kitako hakilali vizuri. Na kifuu chenyewe ni kuni, watu wa Pwani wanalijua hilo siku nyingi. Utambi ukiegemea pembeni humo, chombo kinaweza kuwaka.

Kabla ya kuuza, choma mmoja

Katika kila aina ya glasi na utambi, washa mshumaa mmoja wa majaribio. Uwashe kwa vipindi visivyozidi saa 4, uache upoe, uwashe tena hadi uishe. Angalia kama nta inayeyuka kwa usawa, kama glasi ina masizi upande mmoja, na kama utambi umebaki palepale nta ilipopungua.

Ukikuta utambi umeganda ukiwa umepinda, usijaribu kuunyoosha kwa nguvu. Yeyusha nta, toa kila kitu, anza upya. Nta haipotei.

Mwisho, mwambie mteja mambo mawili, hata kwa karatasi ndogo chini ya glasi. Kwanza, apunguze utambi hadi milimita 6 kila kabla ya kuwasha. Pili, azime mshumaa nta ikibaki kama sentimita 1 chini. Chama cha watengenezaji mishumaa cha Marekani, National Candle Association, kinatoa ushauri kama huo. Hata gundi nzuri hulainika moto ukiifikia.

Ile sentimita 1 ya nta inayobaki inaweza kuonekana ni hasara. Ila ndiyo inayotenganisha moto na meza.