Taa Zinazofifia na Fyuzi Isiyokatika

Mwaka 1971 gari la michezo aina ya Datsun 240Z, lililoendeshwa na Edgar Herrmann akisaidiwa na Hans Schüller, lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1973 gari la aina hiyo hiyo lilishinda tena, likiendeshwa na Shekhar Mehta akiwa pamoja na Lofty Drews. Injini yake ilikuwa ya silinda sita, yenye ujazo wa lita 2.4, na sifa ya uimara wake ilienea mbali.

Magari hayo yaliyosalia sasa yana umri wa miaka 50 na zaidi. Injini zake nyingi bado hunguruma vizuri, lakini wenye magari hayo hukutana mara kwa mara na tatizo moja: usiku, taa za mbele hutoa nuru hafifu ya rangi ya manjano. Mwenye gari hununua globu mpya, hununua betri mpya, naye hutazama fyuzi akaikuta nzima. Hata hivyo giza la barabarani halipungui. Je, umeme umepotelea wapi? Jibu limo katika somo la umeme linalofundishwa katika shule za sekondari.

NJIA YA MKONDO

Katika magari mengi ya miaka ile, na Datsun 240Z ni mojawapo, mkondo wote wa taa za mbele ulipita katika swichi zilizo kwenye nguzo ya usukani. Mkondo hutoka katika betri, hupita kwenye kisanduku cha fyuzi, katika swichi na katika taa, kisha hurejea katika betri kwa njia ya bodi la gari, ambalo ni la chuma. Mpangilio wa vituo hivi hutofautiana kati ya gari na gari, lakini vyote vimo katika mfuatano mmoja. Kila mahali waya unapokutana na kifaa, au waya mmoja unapokutana na mwingine, pana kiungo. Saketi ya taa ina viungo vingi, na ubovu wa kimoja tu huathiri saketi nzima.

Tuchukue mfano wa taa mbili zenye wati 60 kila moja. Nguvu yake kwa jumla ni wati 120. Tukigawanya kwa volti 12 tunapata mkondo wa ampea 10. Huu si mkondo mdogo kwa swichi ndogo iliyokwisha kutumika kwa nusu karne.

KIUNGO KIBOVU NI KIKINZANI

Vipande viwili vya metali vinapobanwa pamoja, jicho huona kwamba vimegusana kila mahali. Kwa kweli uso wa metali, hata ukiwa laini namna gani, una vilima na mabonde madogo sana. Vinavyogusana ni vilele vya vilima hivyo tu, na mkondo wote hulazimika kupita katika vilele hivyo vichache.

Kadiri miaka inavyopita, oksijeni na unyevu huifanya shaba iote utando wa oksaidi, ambao haupitishi umeme vizuri kama shaba yenyewe. Mahali waya wa shaba ulipofungwa kwenye bodi la chuma, maji yenye chumvi huharakisha ulikaji, kwa kuwa metali mbili tofauti zikiwa ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri ndogo. Ndiyo maana magari ya pwani hupatwa na maradhi haya mapema kuliko yale ya bara penye ukavu.

Tuseme kwamba kiungo kimoja kimepata ukinzani wa omu 0.1. Kwa kanuni ya Ohm, mkondo wa ampea 10 ukipita hapo hupoteza volti 1. Joto linalozalishwa hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani: 10 × 10 × 0.1, yaani wati 10. Wati 10 ndani ya kipande cha metali kidogo kuliko ukucha ni joto kali. Plastiki inayokizunguka hulainika, na kibanio hupoteza mkazo wake. Kibanio kikilegea, vilele vinavyogusana hupungua, na oksaidi nayo huongezeka kwa sababu ya joto. Ukinzani huzidi, na joto huzidi tena. Hivyo ubovu hujilisha wenyewe.

Upotevu wa volti moja huenda ukaonekana mdogo. Lakini nuru ya globu yenye uzi wa tangsteni haipungui sawasawa na volteji. Hupungua kwa kasi zaidi, takriban kwa kipeo cha 3.4. Globu iliyostahili volti 12 ikipata 11, nuru yake hubaki kiasi cha robo tatu. Ikipata volti 9.6, yaani asilimia 80, nuru hushuka hata chini ya nusu. Dereva huyo anapokwenda kasi usiku, mtu au ng'ombe aliye barabarani humwona akiwa amechelewa.

KWA NINI FYUZI HAIKATIKI

Wengi huamini kwamba fyuzi ikiwa nzima saketi ni salama. Imani hii ina hatari. Fyuzi hukatika pale mkondo unapozidi kiasi kilichowekwa, kwa mfano waya ulio uchi unapogusa bodi. Kiungo kibovu hakizidishi mkondo. Ukinzani wake huongezwa juu ya ukinzani wa taa, hivyo mkondo hupungua kidogo. Kwa hiyo kiungo kinaweza kuyeyusha plastiki, hata kuwasha moto, huku fyuzi ikitulia bila dalili yoyote.

Kwa sababu hiyo, kuweka fyuzi kubwa zaidi si dawa. Fyuzi huwekwa ili kuulinda waya. Ikiwa kubwa kupita kiasi, waya wenyewe ndio utakaoungua kwanza. Kuweka globu zenye nguvu zaidi nako huzidisha ubaya: taa mbili za wati 100 huhitaji ampea 16.7 hivi, na joto katika kiungo kile kile huwa karibu mara tatu ya lile la mwanzo.

KUUTAFUTA UBOVU

Fundi asiyejua kanuni hupima volti kwenye waya uliochomolewa kutoka katika taa. Mita humwonyesha volti 12, naye husema waya ni mzima. Kosa lake ni hili: taa ikiwa imechomolewa, hakuna mkondo wa maana unaopita, na pasipo mkondo hakuna volti inayopotea katika ukinzani. Kipimo hufaa pale tu taa inapowaka.

Njia sahihi ni kuwasha taa, kisha kupima volti kati ya ncha mbili za kila sehemu ya njia. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye chanya ya betri, na nyingine kwenye mguu wa taa unaoelekea upande wa chanya. Usomaji huo ndio volti iliyopotea upande huo. Kisha hupimwa kati ya mguu wa pili wa taa na hasi ya betri, ili kuupima upande wa kurejea. Upande ulio na upotevu mkubwa hugawanywa sehemu fupi fupi, mpaka kiungo chenye kosa kijulikane. Kiungo kizima hupoteza sehemu ndogo tu ya volti moja. Kiungo kilichobadilika rangi, au kilicho moto kuliko jirani zake, hukaguliwa mapema.

MATENGENEZO

Kwanza betri hufunguliwa waya wa hasi. Viungo vyenye oksaidi husuguliwa hadi metali ing'ae. Vile vilivyopoteza mkazo au vilivyoungua hubadilishwa, kwa kuwa kusugua hakurudishi mkazo. Mahali pa kufungia waya kwenye bodi huondolewa rangi na kutu, hukazwa kwa skrubu safi, kisha hupakwa grisi ili kuzuia maji.

Matengenezo ya kudumu ni kuongeza relei. Relei ni swichi inayofungwa kwa sumaku ya umeme. Koili yake huhitaji mkondo mdogo, takriban ampea 0.15. Mkondo huo mdogo ndio unaopita sasa katika swichi ya zamani. Mkondo mkubwa wa taa hutoka katika betri, hupita katika fyuzi mpya iliyofungwa karibu na betri, katika relei, na kwenda moja kwa moja kwenye taa kwa waya mnene. Relei moja huwekwa kwa nuru ndefu na nyingine kwa nuru fupi.

Faida yake huonekana kwa hesabu. Kiungo cha omu 0.1 kilichozalisha wati 10, kikipitisha ampea 0.15, huzalisha wati 0.00225 tu. Joto limepungua zaidi ya mara elfu nne. Unene wa waya nao una maana: waya wa shaba wenye urefu wa mita 3 na eneo la milimita 1 ya mraba hupoteza karibu volti 0.5 kwa ampea 10. Wenye eneo la milimita 2.5 za mraba hupoteza volti 0.2 tu.

JARIBIO LA DARASANI

Jambo hili laweza kuonyeshwa bila gari. Unganisheni betri mbili za tochi, globu ya tochi na kikinzani cha omu 2 katika mfuatano. Pimeni volti kwenye globu ikiwa inawaka. Kisha ifungueni globu, mpime tena kwenye kishikizo chake kitupu. Usomaji wa pili utakuwa karibu volti zote za betri, ingawa kikinzani bado kimo katika saketi. Mwanafunzi atakayeweza kueleza kwa nini mita imesoma hivyo, ameuelewa ugonjwa wa taa hafifu, naye hatadanganywa na fyuzi iliyo nzima.