Jino limeng'olewa, uvimbe umebaki

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama mnaotungoja nyumbani, leo siongei juu ya mshahara.

Mwenzetu mmoja wa Salamabila, anayekunywa ARV miaka mingi, alivimba fizi. Akang'olewa jino. Uvimbe ukabaki. Kule machimboni akanunua dexa kwa muuza dawa, ukapungua siku kumi hivi, sisi wote tukasema amepona. Kisha ukarudi na nguvu, hata ugali ukamshinda.

Ninaanza na dexa juu ya ile dawa iko na hila. Uvimbe ukiwa limfoma, ni kusema kansa ya chembe nyeupe zinazolinda mwili, dexa inaweza kuuyeyusha kwa muda. Munganga akikata kipande siku zile, darubini inaweza isione kitu, na ugonjwa uko pale pale. Basi kama uliinywa, mwambie munganga, usione haya.

Mutu mwenye virusi vya sida yuko na hatari kubwa ya limfoma kuliko mwingine. Moja ni ile ya Burkitt, jina la daktari aliyeiona kwa watoto waliovimba taya kule Mulago, Kampala, akaandika habari yake mwaka 1958. Ziko zingine adimu zaidi. Plasmablastiki inapenda kinywa, sawa ile ya mwenzetu. Waganga waliieleza mara ya kwanza mwaka 1997 tu. Ingine inajaza maji kifuani ao tumboni, bila uvimbe wowote wa kushika kwa mkono. Pale ni yale maji yenyewe yanapaswa kwenda labo.

Lakini kwetu sisi wa mashimo, kila homa ya usiku, jasho na kukonda tunaita kifua kikuu. Na kweli, mara nyingi ni chenyewe. Tezi za shingo zinavimba kwa kifua kikuu, zinavimba kwa limfoma vilevile. Kwa macho huwezi kutenga. Hata dawa za kifua kikuu zikianza vizuri, ao ARV zikianza, tezi zinaweza kuvimba kwanza kabla ya kupona. Kwa hiyo usiache dawa kwa kichwa chako. Ila tezi ikiendelea kukua kisha miezi miwili ya matibabu, uliza: kipande kitakatwa lini? Sindano nyembamba inaweza kuonyesha kifua kikuu. Kwa limfoma, mara nyingi munganga anahitaji kipande kizuri, ao tezi nzima.

Na kipande chenyewe kiko na sheria yake. Kinatiwa katika formoli, chupa ya mdomo mpana, formoli nyingi kupita nyama mara kumi. Kipande cha kwanza cha mwenzetu kilitiwa katika maji ya serum, kwenye kituo kimoja ambacho sitaki kutaja. Kufika kwa labo, kilikuwa kimeoza. Akakatwa mara ya pili, Kasongo, na safari hii formoli ilikuwako. Chupa ikapanda pikipiki mpaka Kindu, zaidi ya kilomita 200 za matope, kisha ndege mpaka Bukavu. Sendika tulichanga pesa ya njia. Tulibishana sana, nakubali, wengine wakisema mgonjwa wa sida si kazi ya sendika.

Niliwaonyesha sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008: inamlinda mwenye virusi, inakataza ubaguzi, kazini pia. Nikawaambia tena, siri yake ni yake. Wakatoa.

Majibu yalichukua wiki tano: plasmablastiki. Ameanza dawa za kansa Bukavu, ARV anaendelea kunywa. Juzi alipiga simu, akauliza nani anashika nafasi yake ku shimo. Nikamjibu: mdogo wako, mpaka utakaporudi.